Mangi Hapeleki Isale

Elieshi hakujua kukaa. Kwenye treni yenye viti vitupu alisimama mlangoni, akialikwa chai aliinywa ameegemea friji la watu, na hata kanisani alichagua benchi la nyuma apate kuinuka bila kumsumbua mtu. Marehemu mumewe, Humphrey, alizoea kumtania kwamba akifika mbinguni atawaomba malaika wampe kazi ya kutumwa. Lakini mwaka huu ilizidi. Tangu posa ya bintiye ikwame, mama wa watu alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mara yuko jikoni, mara dirishani anatazama ziwa la Thamesmead, mtaa wake wa London, na wale mabata bukini wasio na adabu, mara jikoni tena, na sufuria bado haijatengwa motoni.

Kazi yake ilimfaa mtu wa namna hiyo. Alikuwa akimwagilia mimea ya maofisini. Tajiri yake, Praful, Mhindi mzaliwa wa Moshi aliyeletwa Uingereza akiwa mtoto wa shule, alikodisha mimea ya vyungu kwa mabenki, mahoteli na yale majengo ya vioo kule Hounslow ambako ndege zinapita juu ya kichwa chako kila ukimeza mate. Elieshi ndiye aliyezunguka kote huko na kopo lake la maji lenye mdomo mrefu, kitambaa cha kufutia vumbi na mkasi wa kupunguzia majani mfukoni. Watu wa maofisini hawakumwona. Walichokiona ni majani kung'aa, basi.

Siku yake ya kwanza kazini alikuta kitu kilichomchekesha. Kwenye ukumbi wa kuingilia wa jengo moja, ndani ya chungu cheupe, palisimama isale, ileile ya nyumbani, yenye majani marefu ya kijani yanayoinama kwa nje, imebandikwa kijikaratasi chenye jina la Kilatini. Kwa asiyetoka Kilimanjaro hilo ni jani tu. Kwa Mchagga, isale ndiyo mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo. Hupandwa pia makaburini. Na mtu akimkosea mwenzake kosa kubwa, huchuma jani moja la isale, akalifunga fundo, akampelekea kwa mkono wake na kulitaja kosa. Aliyepelekewa hana ujanja tena, sharti asamehe. Elieshi alimpigia Humphrey simu akicheka mpaka machozi yakamtoka, kwamba Wazungu wameweka mpaka wa shamba sebuleni.

Mwaka huu hakuicheka tena.

Haika, mwanawe wa pekee, mfamasia, alikuwa amempata kijana anayeitwa Godbless, fundi wa lifti, mtaratibu, Mchagga kwa baba na kwa mama, aliyekulia Ilford. Elieshi alipomwona mara ya kwanza alimshukuru Mungu kwa sauti. Wachagga wawili wamekutana London bila mtu kuwapanga, ingawa wote wawili Kichagga chao kilikuwa cha kuombea chakula. Ilibaki upande wa kijana utume washenga, na mwenye haki ya kuwatuma alikuwa babu yake, Mzee Elinaja, aliyeletwa Ilford na wanawe baada ya kufiwa na mkewe. Mzee akauliza binti ni wa ukoo gani. Akaambiwa ni kitukuu cha Mangi Masamu wa Lyakombo. Akaomba maji, akanywa taratibu, kisha akatoa neno ambalo Godbless alilileta Thamesmead kwa uangalifu kama aliyebeba yai: washenga hawatatoka nyumbani kwake mpaka isale iingie.

Hakugomba wala hakumtukana mtu. Ingekuwa heri angegomba, maana ugomvi Elieshi aliuweza. Na vijana wenyewe hawakuwa wa kutoroshana. Godbless ndiye aliyekuwa akimwogesha babu yake kila Jumamosi, na alisema waziwazi kwamba hataoa kwa kumruka. Haika naye hakumlaumu. Alikonda tu.

Elieshi alijua vizuri isale hiyo inadaiwa kwa nini, na hapo ndipo palipomchoma.

Siku hizi kule Dar es Salaam kila Mchagga mwenye duka anaitwa Mangi, mtoto anatumwa nusu kilo ya sukari kwa Mangi, na neno limekuwa jepesi. Enzi za machifu lilikuwa na uzito wake, maana Mangi ndiye chifu mwenyewe. Masamu, babu yake Elieshi mzaa baba, alitawala Lyakombo, nchi ndogo iliyobanwa kati ya makorongo mawili mlimani, wakati wa Mwingereza. Alipopita njiani watu walichutama na watoto walitazama chini. Aliamua kesi, aligawa vihamba, alijua kila ng'ombe na mwenyewe. Huo ndio utawala uliosimuliwa nyumbani kwa kina Elieshi, wakati wa Krismasi, mbege, pombe ya ndizi, ikizunguka. Kilichorukwa katika masimulizi ni kwamba utawala huo ulikuwa na paa juu yake. Kule Moshi mjini aliketi Bwana DC, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, kijana wa kaptura na soksi ndefu, ambaye kwa saini moja aliweza kumvua Mangi kofia akamvika binamu yake. Mangi alipokea mshahara kama karani. Alikuwa akiamrisha kutwa nzima, kisha anaitwa mjini kuamrishwa.

Bwana DC akataka barabara ya gari ipande mpaka Lyakombo. Baragumu la msaragambo, kazi ya lazima ya nchi nzima, likalia asubuhi baada ya asubuhi, wanaume wakashuka na majembe, wakachimba, wakavunja mawe. Kulikuwa na mtu anaitwa Makere, baba yake Elinaja. Alikwisha kumaliza zamu yake, mkewe ametoka kujifungua, na alipoitwa tena akakataa. Wachili, yaani wanyapara wa Mangi, wakamfikisha barazani. Hukumu ingeweza kuwa ya mbuzi au ya pombe. Lakini Bwana DC alikwisha kusema kwamba barabara isipofika kabla ya mvua, kofia itatafuta kichwa kingine. Mangi akaamuru masale, yaani isale zote za mpaka wa Makere, yang'olewe.

Mtu asiye na masale hana shamba, na asiye na shamba hana pa kusimama. Makere akashuka tambarare na mkewe na watoto, kwenye mbu. Wasichana wawili, dada zake Elinaja, hawakuumaliza mwaka. Kwa kina Elieshi habari hiyo ilisimuliwa kwa namna nyingine, kwamba Makere alikuwa mkorofi na aliondoka mwenyewe; ya kweli Elieshi aliiokota utotoni katika minong'ono ya majirani.

Picha ya Mangi ilitundikwa sebuleni Thamesmead, juu ya televisheni. Mangi amesimama wima, kanzu nyeupe na koti juu yake, kofia kwapani, nyuma yake barabara mpya. Yuko peke yake. Wageni waliisifu, na Elieshi alikuwa na maneno yake tayari juu ya babu aliyewaletea watu barabara. Hakumwambia mgeni hata mmoja kwamba baba yake aliikunja picha hiyo kabla ya kuitia kwenye fremu. Yeye alikuwa mtoto mdogo, amesimama kando ya meza, na aliuona upande wa kushoto ukikunjwa na kufichwa nyuma. Tangu hapo hakuwahi kuukunjua.

Alimpigia kaka yake Evans, aliyebaki kuutunza mji wa ukoo kule nyumbani. Evans hakutaka hata kumaliza kusikiliza.

"Dada, sikiliza. Nyumba ya Mangi inapelekewa isale. Yenyewe haipeleki. Baba alisema hivyo. Ukipeleka wewe, umekiri mbele ya watu kwamba babu alikuwa mwonevu, na huku kijijini tutatembea vipi?"

Elieshi akamjibu kwamba yeye anatembea London, si kijijini, akakata simu. Kisha akajikuta anakubaliana naye. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida. Moyo mmoja ulimwambia mwanao anakonda, na moyo mwingine ulimwambia babu yako si wa kuburuzwa Ilford, na kila mmoja ulikuwa na sauti. Siku zile alipitiliza vituo vya treni. Alimwagilia mmea mmoja mara mbili, maji yakamwagika kwenye zulia la benki, na mlinzi akamtazama kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. Akifika kwenye isale ya ukumbi ule aliifuta vumbi harakaharaka bila kuitazama, kama mtu anayekwepa jirani.

Praful aliona. Alikuwa mtu wa maneno mengi na macho yasiyopitwa na kitu, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha mtaani Moshi. Hakumuuliza ana nini. Alimwambia tu kwamba ofisi moja imefungwa na inarudisha mimea, na imo isale ndefu, nzuri, isiyo na jani bovu. Kama ana mtu wa kumpelekea zawadi, aichukue, na yeye mwenyewe ataibeba kwa gari.

Hapo wazo likamjia Elieshi, na akalipenda papo hapo. Mzee kasema isale iingie. Basi itaingia, na chungu chake na mizizi yake na utepe wa dhahabu juu. Mzee ataona isale. Evans ataambiwa ni zawadi ya ua. Haika ataolewa, na Mangi atakuwa hajapiga goti popote. Wiki hiyo alilala vizuri. Alijiona mjanja kupita wakili.

Jumamosi wakaenda Ilford, yeye amevaa kitenge chake cha harusi za watu. Mzee Elinaja alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi magotini, soksi mbili mbili, ametoka kuogeshwa. Elieshi akamwamkia shikamoo, Meku, kama wazee wa Kichagga wanavyoitwa, kwa heshima yote. Mzee akaitikia marahaba, akamwonyesha kiti kilichokuwa mbele yake. Elieshi akasema asante, hivi hivi yuko sawa. Praful akakiweka chungu chini akapumua, na vijana wakasimama mlangoni wameshikana mikono. Mzee alinyoosha mkono, akashika jani moja, akalipapasa kutoka shinani hadi nchani kwa kidole gumba. Chumba kizima kikamngoja.

"Zuri," alisema. "Asante kwa ua, Mama Haika."

Kisha akauliza linamwagiliwa mara ngapi. Elieshi akajisikia akieleza, kwa ile sauti yake ya kazini, kwamba ni mara moja kwa wiki, na jua kali halitaki. Mzee akaitikia kwa kichwa, kwa makini. Akauliza habari za baridi ya mwaka huu. Akamshukuru tena. Praful, ambaye hakujua lolote, akasema hiyo dracaena, akiitaja kwa jina lake la Kilatini, haifi hata ukiitesa, na hakuna aliyecheka.

Praful aliendelea na gari lake kwa wateja, na njia nzima ya kurudi Elieshi alinung'unika. Eti ua. Mzee mzima, amezaliwa kwenye kihamba, leo hajui isale. Alinung'unika kituoni, akanung'unika kwenye basi, na watu wakampisha. Alipofungua mlango wa nyumba yake hasira ilikuwa imemwishia, ikabaki aibu. Mzee aliijua isale kuliko yeye. Alichopelekewa ni mmea, na kwa mmea akatoa shukrani.

Haika aliingia nyuma yake, akavua koti, akaenda moja kwa moja kwenye picha ya Mangi akaitungua ukutani. Hakupandisha sauti. Alisema kwa Kiingereza, kama alivyomjibu mama yake tangu utoto, kwamba amesikia habari za mtu huyu maisha yake yote na bado hamjui.

"What did he actually do to them, Mum?"

Elieshi alimweleza babu alichowafanyia. Alianza amesimama, akaeleza akizunguka meza, akaeleza akipanga vijiko ambavyo vilikwisha kupangwa. Hakusema Makere alikuwa mkorofi. Alisema masale yaling'olewa, akasema mbu, akasema wale wasichana. Alipomaliza alichukua mkasi wake wa kazini, akabandua mgongo wa fremu, akaitoa picha na kuikunjua.

Upande wa kushoto aliketi Bwana DC. Alikuwa kijana kuliko walivyodhani, mguu juu ya mguu, fimbo magotini, anatabasamu. Kiti alichokalia kilikuwa na mgongo wa mbao wenye nakshi, na Elieshi alikifahamu kiti hicho, kwa kuwa kiko hadi leo kwenye nyumba ya Evans na hakuna anayeruhusiwa kukikalia. Ni kiti cha Mangi. Ndiyo maana Mangi alikuwa amesimama. Kofia haikuwa kwapani kwa madaha. Aliivua kwa sababu aliambiwa aivue.

Haika aliuliza kwa nini yule mtu yuko kwenye kiti. Elieshi alikuwa analia. Maisha yake yote alikuwa amemwogopa babu huyu na kumwonea fahari, na hakuwahi hata siku moja kumwonea huruma. Sasa alimwonea huruma. Na huruma yenyewe haikumsaidia kitu, maana hapo hapo, nyuma ya mtu huyo aliyeaibishwa, ilionekana barabara, na chini ya barabara ile alikuwepo Makere. Babu yake alikanyagwa, akatafuta wa kumkanyaga.

Evans alipigiwa simu akaambiwa isale inapelekwa; hakuombwa ruhusa. Aligomba sana.

Jumamosi iliyofuata Elieshi alikwenda Ilford na Haika, bila Praful, bila utepe. Alivaa koti lake la kazi. Mzee Elinaja alikuwa palepale dirishani, na chungu kiko pembeni yake, udongo umelowa vizuri. Elieshi akaamkia, akatoa mkasi mfukoni.

"Meku, naomba jani moja."

Mzee alimtazama, akainamisha kichwa. Elieshi akachagua jani la katikati, akalikata chini kabisa. Vidole vyake vilivyozoea majani kutwa kucha vilikosea fundo la kwanza, akalifungua, akalifunga upya. Kisha akalishika kwa mikono miwili mbele ya yule mzee.

"Mimi ni Elieshi, mjukuu wa Mangi Masamu. Babu yangu aling'oa masale ya baba yako. Baba yako hakuwa na kosa, zamu yake alikwisha kuifanya. Babu aliogopa kunyang'anywa kofia. Mkashuka tambarare, mkazika watoto. Sisi kwetu tukasema mliondoka wenyewe, na mimi nimeusema uongo huo mpaka hapa London. Nimeleta isale."

Godbless, aliyekuwa amebeba taulo la mzee, alibaki nalo mkononi. Mzee hakulipokea jani.

"Ukinipa hilo mimi sina ruhusa ya kukataa," alisema. "Unajua?"

"Najua, Meku."

"Basi ningoje kidogo. Hasira hii nimetembea nayo tangu mtoto. Ngoja niiage."

Wakamngoja. Nje pikipiki ya mleta chakula ilipita, ikapita na nyingine. Elieshi miguu ilimtaka aende, aende popote, jikoni, barabarani, na hakwenda. Baadaye mzee akaonyesha bahasha iliyotokeza kwenye mfuko wa Haika, akauliza ni nini. Haika akaitoa picha, imenyooshwa yote, mkunjo bado unaonekana katikati. Mzee akaisogeza karibu na macho.

Alisema hajawahi kuuona uso wa Mangi, maana alipopita wao walitazama chini. Aliijua miguu yake tu. Aliutazama uso huo kwa muda mrefu, kisha akatazama upande wa kushoto, akatazama kiti.

"Kumbe naye alisimamishwa," alisema.

Hakusema kwa furaha. Akamrudishia Haika picha, akamgeukia Elieshi, na sasa macho yake yalikuwa yamelowa.

"Dada zangu waliitwa Manka na Makyao. Wataje."

"Manka," alisema Elieshi. "Makyao."

Mzee akanyoosha mikono yote miwili akalichukua jani, akaliweka kifuani ndani ya blanketi. Godbless akageukia ukuta. Haika, ambaye siku zote alijibu kwa Kiingereza, alisema asante, Babu. Mzee akamwambia mjukuu wake awaite baba zake wadogo jioni hiyo, washenga wapangwe, na mtu atafute mbege popote inapopatikana, asimletee bia ya kopo.

Halafu akakigusa chungu kwa ncha ya fimbo yake. Alitaka kipelekwe nje, kwenye uzio wa jirani. Elieshi akamwambia, kwa ile sauti ya kazini iliyomtoka bila kutaka, kwamba baridi ya hapa itaiua kabla ya Krismasi. Mzee akafikiri.

"Basi isogezwe kwenye dirisha lile la upande wa jirani. Mpaka wangu upite hapo."

Godbless akakisukuma chungu mpaka dirishani. Mzee akaelekeza kidogo kushoto, tena kidogo, mpaka akaridhika.

"Na nani ataimwagilia?" aliuliza. "Huyu mjukuu wangu ataizamisha."

"Mimi nitakuja, Meku. Kila wiki."

"Vizuri," alisema mzee, na akamwonyesha kile kiti kilichokuwa mbele yake, ambacho wiki iliyopita aliambiwa hakihitajiki. "Sasa kaa, binti wa Masamu."

Elieshi akakitazama kiti. Akaketi, akaegemea nyuma na koti lake mwilini na mkasi mfukoni, na chai ilipoletwa akainywa yote palepale alipoketi.